Maoni Yanayomfaa Mpiga Picha: Ndege wa Bustani na Wajibu wa Mhakiki



Uganda ina zaidi ya aina 1,000 za ndege, na wengi wao hawahitaji safari ya mbugani ili waonekane. Hapa Ngarama, kusini-magharibi mwa nchi, shore huimba juu ya mpapai, kuzumburu wenye mikia mirefu hupekua matunda, na mnana husuka viota kwenye mti ulio karibu na nyumba. Wenye simu za kamera huwapiga picha kila leo. Kinachokosekana ni mtu wa kuzitazama picha hizo akasema neno la kufaa. Tumezoea kusema "hongera, nzuri sana" au "hii haifai", na kauli zote mbili humwacha mpiga picha pale pale alipokuwa. Nashikilia kwamba maoni yana thamani pale mtoaji anapomjua ndege na mwanga kabla ya kuihukumu picha, kisha akamwachia mwenzake jambo la kufanya kesho asubuhi.

Kwa mfano, tumtazame chozi, yule ndege mwenye mkia mrefu na mng'ao wa shaba, anayeyatembelea sana maua ya bustani za kusini-magharibi mwa Uganda. Katika picha nyingi dume hutokea mweusi tii. Asiyemjua atasema picha ina giza, iongezwe mwanga. Ushauri huo ukifuatwa, anga itaungua iwe nyeupe, ndege atageuka kijivu, na shaba haitaonekana. Sababu imo kwenye unyoya wenyewe: mng'ao ule huletwa na matabaka madogo mno yanayorudisha mwanga kwa pembe maalumu, na jua likiwa nyuma ya ndege hautufikii. Kwa hiyo maoni ya kweli ni haya: hamia upande wa pili wa bustani, jua likae mgongoni mwako, kisha subiri ageuze shingo. Mwenye simu ya bei ndogo anaweza kulifanya hilo sawa na mwenye kamera ya mamilioni, ilhali kumwambia akanunue lenzi kubwa ni kumfukuza.

Mnana naye anadai ujuzi huo huo. Dume akishasuka kiota hujining'iniza chini yake, kichwa chini miguu juu, akipigapiga mbawa ili kumvuta jike. Picha ya tukio hilo huwa na mbawa zilizofifia, na mwepesi wa kuhukumu atasema haikutulia. Lakini jicho likiwa limetulia, mbawa hizo ndizo zinazoeleza anachofanya. Likiwa limefifia jicho lenyewe, hapo tuseme, tena tuseme na dawa yake: egemeza simu kwenye fremu ya dirisha, piga mfululizo, kisha chagua.

Vitabu vingi vya upigaji picha vimeandikwa Ulaya, ambako jua hupanda kwa mshazari na mwanga laini wa asubuhi hudumu. Sisi tuko kama digrii moja tu kusini mwa ikweta. Jua letu hupanda karibu wima, nyuzi 15 kwa saa, na ikifika saa nne vivuli vimeshakaa machoni mwa ndege. Mhakiki aulize saa kwanza, alaumu baadaye.

Wapo wanaosema anayeanza apewe sifa tu, asije akavunjika moyo. Naielewa huruma hiyo, lakini sifa inayotolewa kwa kila picha humjulisha mpiga picha kwamba hakuna aliyeitazama. Kinachovunja moyo ni hukumu isiyoonyesha njia.

Pingamizi zito zaidi ni hili: makazi ya Nakivale yamepokea wakimbizi tangu 1958, na mwenye kuhangaikia chakula na shamba ana haja gani na picha za ndege? Silipuuzi. Lakini ardhi oevu ya maziwa Mburo na Nakivale iliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu muhimu duniani, na korongo taji, ndege wa taifa la Uganda, amehesabiwa kuwa hatarini kutoweka duniani tangu 2012. Wanaomwona kila siku ni wakazi wa kando ya maziwa hayo, wakimbizi na wenyeji pamoja, na afya ya ardhi hiyo inagusa maji na mazao yao. Picha iliyofifia ya korongo taji na vifaranga wake, ikiwa na tarehe na jina la mahali, ni ushahidi ambao picha safi kabisa ya shore haiwezi kuutoa. Mhakiki anayepima ukali wa picha peke yake ataitupa ya kwanza na kuisifu ya pili, naye atakuwa amekosea.

Kwa sababu hiyo hiyo, kwamba ukali wa picha si kipimo pekee, kuna picha nisizotaka zisifiwe hata zikiwa nzuri namna gani: za kiota kilichokatiwa matawi ili makinda waonekane. Kilichofunuliwa kwa kamera kimefunuliwa pia kwa kunguru na kwa jua kali. Mhakiki amuulize mpiga picha alisimama umbali gani, alikata nini, na mama alirudi baada ya muda gani. Majibu yakiwa mabaya, amweleze waziwazi bila kumdhalilisha, kisha amwelekeze aweke beseni la maji chini ya mti na kusubiri ndege waje wenyewe.