Kikundi Chenu Kina Jina. Je, Kina Cheti?

Maelezo ya Afisa Habari wa Halmashauri ya Wilaya katika mkutano wa wakazi wa kata kuhusu usajili wa vikundi na mashirika yasiyo ya kiserikali

 

Nimepewa nafasi ya kuzungumzia usajili wa vikundi na mashirika yasiyogawana faida. Najua neno usajili halichangamshi mkutano, hivyo naomba nianzie nyumbani kwetu.

Nilipokuwa kidato cha pili, mama yangu mzazi alikuwa katika kikundi cha akina mama kumi na wanane. Kwa miaka minne walichangishana kila Jumamosi wakikusudia kununua mashine ya kusaga, ili mapato yake yasomeshe watoto yatima wa kijiji. Walikuwa na jina na sare, lakini katiba hawakuwa nayo, wala cheti. Kwa kuwa benki haikuweza kufungua akaunti kwa jina la kikundi kisichosajiliwa, fedha ziliwekwa katika akaunti ya mweka hazina, mama mwaminifu ambaye hakuwahi kupoteza hata senti moja ya wenzake.

Mama yule alifariki ghafla. Baada ya mazishi, msimamizi wa mirathi alikwenda benki akakabidhiwa fedha zote, kwa sababu mbele ya sheria zilikuwa mali ya marehemu. Akina mama walipokwenda kudai, ushahidi wao ulikuwa daftari la shule lenye majina na alama za vyema. Hapakuwa na mwizi katika jambo lile. Palikosekana tu karatasi inayosema kwamba fedha hizi ni za kikundi. Mashine haikununuliwa, na familia mbili zilizokuwa zikiteka maji kisima kimoja zilikaa miaka mingi bila kusalimiana.

Ndugu wananchi, nimelitaja jambo hili kwa sababu wengi hudhani usajili ni wa kuifurahisha Serikali. Faida ya kwanza ya usajili ni ya wanakikundi wenyewe: hutenganisha mali ya kikundi na mali ya mtu. Chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Na. 24 ya mwaka 2002, shirika lililosajiliwa huwa na nafsi yake kisheria. Linaweza kumiliki mali, kuingia mkataba, kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake. Mwenyekiti akihama au mweka hazina akifariki, shirika linabaki na mali yake inabaki.

Swali linalofuata ni: tusajili wapi? Hapa ndipo watu wengi hupoteza nauli, kwa kuwa milango ni mingi na kila mlango una kazi yake.

Vikundi vya kijamii na vya uzalishaji mali, kama vya ufugaji nyuki, bustani au ushonaji, huanzia katika Halmashauri, kupitia Afisa Maendeleo ya Jamii. Vikundi vya kuweka na kukopa vinasimamiwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Vimo katika daraja la nne, na Benki Kuu ya Tanzania imezikasimu halmashauri jukumu la kuvisajili. Timu na vilabu vya michezo vimwone Afisa Michezo. Taasisi za dini huenda kwa Msajili wa Vyama, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, chini ya Sheria ya Vyama, Sura ya 337. Bodi za wadhamini husajiliwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA.

Shirika linalokusudia kuhudumia jamii bila kugawana faida, mathimalani kutetea haki za watoto, kutunza mazingira au kuelimisha kuhusu afya, husajiliwa na Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, na linaweza kusajiliwa kwa ngazi ya wilaya, mkoa, taifa au kimataifa. Maombi hupitia mfumo wa kielektroniki wa Wizara yenye dhamana ya Maendeleo ya Jamii. Wapo waliokuwa wamejisajili kama kampuni au chama huku wakifanya kazi za shirika la aina hii. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 yaliwataka wahamie katika sheria inayowahusu. Kama shirika lenu lilianzishwa kabla ya hapo, kitazameni cheti chenu upya.

Kwa wengi wenu hapa, safari ni fupi kuliko mnavyodhani. Kutaneni, mwandike muhtasari wa mkutano wenye majina na saini za waanzilishi. Chagueni viongozi. Andaeni katiba. Pateni barua ya utambulisho kutoka kwa Mtendaji wa Kijiji na wa Kata, kisha mwoneni Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata, ambaye atawaongoza hatua zinazobaki.

Nawasihi msinunue katiba kwenye vibanda vya kuchapa. Nimewahi kusoma katiba ya kikundi cha wafuga kuku iliyozungumzia nyavu na mitumbwi, kwa sababu ilinakiliwa kutoka kwa wavuvi. Katiba yenu ijibu maswali yenu. Nani anaidhinisha fedha kutoka benki, na kwa saini ngapi? Mwanachama akijitoa, anaondoka na nini? Mweka hazina akifariki, vitabu vinakabidhiwa kwa nani na ndani ya siku ngapi? Kikundi kikivunjika, mali inakwenda wapi? Maswali haya hujibika kwa urahisi mkiwa bado mnapendana. Mkisubiri mpaka mgombane, mtayajibu mbele ya baraza.

Cheti kikishapatikana, kazi ndiyo inaanza. Cheti cha shirika lisilo la kiserikali hudumu miaka 10, kisha huhuishwa. Kila mwaka shirika linapaswa kuwasilisha taarifa ya shughuli zake pamoja na taarifa ya fedha iliyokaguliwa. Kanuni za mwaka 2018 zinalitaka shirika linalopata fedha zinazozidi shilingi milioni 20 kuwasilisha mkataba wa ufadhili kwa Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10 tangu kuusaini. Kuendesha shirika bila usajili ni kosa. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili.

Nimesikia manung'uniko, na siyapuuzi. Mzee mmoja aliniuliza wiki iliyopita, "Mwanangu, sisi tunazikana tangu enzi za babu, leo tuombe kibali cha kusaidiana?" Nilimjibu kwamba hakuna anayewakataza majirani kuchimba kaburi au kupeleka unga msibani. Msaragambo hauhitaji cheti. Lakini mnapoanza kukusanya fedha za watu, kutunza mali ya pamoja, au kuomba msaada kwa jina la yatima, lazima pawepo mahali ambapo yatima huyo anaweza kuuliza fedha zake ziko wapi. Wapo pia wanaosema taratibu ni nzito kwa shirika dogo lenye watu wanne na baiskeli moja. Hilo lina ukweli, na ndiyo maana maafisa wetu wapo: njooni mapema tujaze fomu pamoja, badala ya kusubiri barua ya onyo.

Usajili pia hufungua milango. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kisichosajiliwa hakiwezi hata kuomba.

Mwisho, tahadhari. Malipo ya Serikali hufanyika kwa namba ya malipo na hutolewa stakabadhi. Anayewataka mumpe fedha mkononi ili "awaharakishie" cheti, msimpe; toeni taarifa kwa Mtendaji wa Kata.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mama yangu sasa yumo katika kikundi kingine. Kabla ya kutoa mchango wake wa kwanza aliomba asomewe katiba, na aliponyanyua mkono kuuliza swali, aliuliza lile la mweka hazina. Nanyi leo mkirudi nyumbani, ulizeni katika vikundi vyenu: fedha zetu ziko kwa jina la nani? Kama jibu ni jina la mtu, Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata anawasubiri.

 Sasa nakaribisha maswali.