MAJI NI AMANA: KUTOKA MFEREJI WA MSIKITI HADI MTO TURASHA

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana, Nakuru)

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.



Nilipoombwa kuzungumza nikachagua maji, baadhi ya wenzangu walicheka. Wakaniambia, "Mwezi huu watu wanataka kusikia habari za Lailatul Qadr, wewe unaleta mambo ya mifereji?" Nikawajibu: ni mwezi gani mwingine ambao Mwislamu anaijua thamani ya maji kuliko huu? Saa tisa alasiri koo limekauka, macho yako kwenye saa. Lakini mimi na wewe tuna hakika kwamba adhana ya Magharibi ikilia, gilasi ya maji ipo. Yuko mwenzetu mtaa wa pili ambaye adhana inalia na mtungi wake hauna kitu.

Basi tuanzie hapa hapa msikitini. Wiki iliyopita niliweka beseni chini ya mfereji nilipokuwa nikitia udhu. Nikafungua maji kama ninavyofungua siku zote. Nilipomaliza nikayapima kwa chupa. Lita saba! Na mimi nilikuwa nikijihesabu kuwa mtu wa kuhifadhi maji.

Sasa tazama Sunna. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudd moja, na akioga kwa saa moja, yaani mudd nne, mpaka mudd tano. Saa hii ni kipimo, si saa ya mkononi. Na mudd ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa kadiri. Haifiki hata lita moja. Tunabishana juu ya urefu wa ndevu na kanzu, lakini Sunna hii ya mudd nani anaihuisha?

Ipo pia hadithi ya Saad (R.A.), kwamba Mtume alimkuta akitawadha kwa maji mengi akamkataza israfu, hata kama yuko kwenye mto unaotiririka. Baadhi ya wanazuoni wamesema isnadi yake ina udhaifu, lakini maana yake inaungwa mkono na Qur'ani yenyewe, inayotukataza israfu katika kula na kunywa.

Wacha tupige hesabu. Msikiti una watu 200. Kila mmoja akimwaga lita sita zaidi ya haja yake, hizo ni lita 1,200 kwa swala moja tu. Ni mitungi 60 ya lita 20. Mitungi hiyo ndiyo mama wa Rhonda au Kaptembwo anamlipa mwenye mkokoteni wa punda amletee mlangoni, mmoja mmoja. Sisi tunaimwaga mtaroni halafu tunaingia kuswali kwa khushui.

Ndugu msomaji, utaniuliza: kwani Nakuru tuna uhaba gani na ziwa limejaa? Ni kweli, tangu mwaka 2010 hivi Ziwa Nakuru limepanda likameza barabara na baadhi ya majengo ya mbugani. Lakini ni maji ya magadi. Hayanyweki wala hayamwagilii sukuma wiki.

Utasema basi tuchimbe visima. Tumechimba. Sehemu kubwa ya maji ya mji wetu inatoka visimani, kama vile vya Baharini na Kabatini. Lakini ardhi hii ya Bonde la Ufa ni ya volkano, na maji yake ya chini yana floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha juu kuwa miligramu 1.5 kwa lita moja, na visima vingi vya eneo letu vinapita hapo. Huhitaji kwenda maabara. Watazame watoto waliokulia hapa wakicheka, utaona meno ya kahawia. Yakizidi zaidi, madhara yanaingia hadi kwenye mifupa. Kwa hivyo si kila maji yaliyopatikana ni maji yaliyofaa.

Na milima inayotulisha tumeifanyaje? Mwaka 2001 zaidi ya hekta 35,000 za msitu wa Mau Mashariki ziliondolewa kwenye hifadhi. Mto Njoro unaanzia huko. Wazee wanaukumbuka ukitiririka mwaka mzima. Sisi vijana tumeuona ukiwa mawe makavu wakati wa kiangazi, kisha mvua ikija unashuka na tope.

Basi dawa ya haraka ikaonekana ni kuleta maji kutoka mbali. Bwawa la Itare kule Kuresoi lilianzwa ili lilete maji Nakuru. Wakazi wengine wa huko na wa upande wa chini wakalalamika, kwa sababu mto huo unaelekea Ziwa Victoria, nao wanautegemea. Kisha mkandarasi kutoka Italia akapata matatizo ya fedha, na kazi ikasimama mwaka 2018. Fedha nyingi zilikuwa zimeshatumika na mifereji yetu haijapata tone.

Sisemi tusijenge mabwawa. Ninasema kwamba kila ukiyavuta maji kuna mtu upande wa chini aliyekuwa akiyangoja. Hata maji ya Turasha tunayokunywa hapa yanatoka kwenye mto ambao ungeungana na Malewa na kuingia Ziwa Naivasha. Kwa watu wa Naivasha, sisi ndio wa juu. Na wa juu Uislamu umempa amri.

Katika bonde la Mahzur, Madina, Mtume (S.A.W.) alihukumu kwamba aliye juu azuie maji mpaka yafike kwenye vifundo vya miguu, kisha amwachilie aliye chini yake. Angalia hekima hiyo. Hakumnyima wa juu haki yake ya kumwagilia, lakini aliiwekea kipimo. Na katika hadithi nyingine tumeonywa kwamba miongoni mwa watu ambao Allah hatawatazama Siku ya Kiyama ni yule aliyekuwa na maji ya ziada njiani akamnyima msafiri.

Kipimo kikikosekana, damu humwagika. Januari mwaka 2005, hapa karibu tu Mai Mahiu, wafugaji na wakulima walipigana juu ya maji ya mto Ewaso Kedong. Wafugaji walilalamika kwamba maji yamezuiwa juu kwa ajili ya mashamba na mifugo yao inakufa kwa kiu. Watu waliuawa na familia nyingi zikakimbia makwao. Watu walioishi jirani miaka mingi! Wangekuwa na kipimo kimoja wanachokiheshimu wote, huenda maafa yale yasingetokea.

Wako waliofaulu. Jirani zetu Wamarakwet wameteremsha maji kutoka milimani hadi bonde la Kerio kwa mitaro ya mababu zao, na kila ukoo una zamu yake. Oman, ambako ndugu zetu wengi wanazungumza Kiswahili, wana mfumo wa falaji. Maji hutoka chini ya mlima yakapita kijijini. Kwanza ni ya kunywa kwa kila mtu, kisha msikiti, halafu mashamba, nayo hugawanywa kwa muda. Zamani walipima muda huo kwa kivuli cha jua mchana na kwa nyota usiku. Mwaka 2006 UNESCO iliziweka falaji tano katika urithi wa dunia.

Wako pia waliojifunza kwa hasara. Saudi Arabia ilianza kulima ngano jangwani kwa maji ya kale yaliyo chini ya ardhi, ambayo mvua haiyarudishi. Ilifika mpaka ikauza ngano nje. Mwaka 2008 serikali iliamua kupunguza kilimo hicho hatua kwa hatua hadi kukisimamisha mwaka 2016, kwa kuwa maji yalikuwa yakiisha. Na Singapore, kisiwa kisicho na mito mikubwa, huvuna mvua, na tangu mwaka 2003 husafisha majitaka mpaka yakafaa kutumika tena. Fedha wanazo, ni kweli. Lakini kuhesabu kila tone hakuhitaji utajiri.

Basi sisi vijana tufanye nini?

Kwanza, tutie udhu kwa kopo au birika, au tufungue mfereji kidogo na kuufunga wakati wa kupaka kichwa. Kamati zetu ziweke mifereji inayojifunga yenyewe, na inayovuja itengenezwe siku hiyo hiyo.

Pili, tuvune mvua. Paa la mita 20 kwa 10, mvua ya milimita 10 ikinyesha, ni lita 2,000. Na maji ya mvua hayana ile floraidi ya visimani. Tangi moja safi la msikiti linaweza kuwapa watoto wa madrasa maji ya kunywa yasiyowaharibu meno.

Tatu, maji ya udhu yaelekezwe kwenye miti, si barabarani.

Nne, tuingie kwenye vyama vya watumiaji maji vya mito yetu. Huko ndiko zamu hupangwa, na viti vya vijana vinabaki vitupu. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, imempa kila mtu haki ya maji safi ya kutosha. Haki isiyodaiwa hulala.

Tano, sadaka. Sayyidna Uthman (R.A.) alikinunua kisima cha Ruma akakitoa wakfu kwa Waislamu. Mwezi huu tunachangia futari, na ni jambo jema. Lakini futari huliwa usiku mmoja. Tangi la maji mtaani litanywesha mpaka Ramadhan nyingine, inshaallah.

Jioni ya leo, ndugu yangu, kabla hujafungua mfereji, weka beseni. Pima. Kisha jiulize maji yaliyozidi yalikuwa ya nani.

Tunamwomba Allah (S.W.) atuteremshie mvua yenye manufaa, atuepushe na israfu na dhuluma, na azikubali funga zetu. Amin. Wabillahi tawfiq.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.