Meno ya Mtoto Huanzia Kisimani

Wazazi wenzangu, walimu wa chekechea, nanyi waheshimiwa wa kaunti,

Hapa Nakuru mtoto hupiga mswaki kila asubuhi, na bado meno yake yanaota yakiwa ya kahawia. Kisha mtu mzima anamwambia ni mchafu. Huo ni uonevu, na walimu naomba muukomeshe darasani. Miamba ya volkano ya bonde letu hutia floridi katika maji yaliyo chini ya ardhi. Kuanzia Njoro hadi Naivasha, visima vingi vinapita kiwango cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 kwa lita. Floridi kidogo hulinda meno. Ikizidi huyaharibu yakiwa bado ndani ya ufizi, katika miaka ya mwanzo ya maisha. Doa hilo mswaki hauliondoi.

Kwa hiyo tuwape wazazi mawaidha yanayofaa hapa kwetu. Kuchemsha maji huua vijidudu, na tusiache, lakini floridi hubaki, na maji yakipungua sufuriani inazidi kukolea. Magadi tunayotia kwenye maharagwe ili yaive haraka yanaweza kuwa na floridi nyingi, na hata majani ya chai yana yake. Mtoto mdogo apewe maji ya mvua yaliyokingwa kwa usafi na kuchemshwa. Dawa ya meno, akiwa chini ya miaka 3, iwe kama punje ya mchele. Kuanzia miaka 3 hadi 6, kama punje ya njegere, na mzazi asimame naye mpaka ateme.

Lakini mama aliyepanga chumba kimoja hana paa la kukingia mvua, wala hana kipimo cha kisima. Hapo wajibu si wake tena. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti elimu ya chekechea na huduma za maji, zote mbili. Basi kila shule ya chekechea iwe na gata na tangi, na majibu ya vipimo vya kisima yabandikwe pale watu wanapochota. Ujuzi haujakosekana: Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru imechuja floridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe kwa miaka mingi.

Kikao cha bajeti kikiitishwa katika wadi yako, mzazi, nenda. Uliza kisima wanachonywea watoto kilipimwa lini, na usiondoke kabla ya kuonyeshwa majibu.