Kufuta Nako ni Kazi

Leo nataka tuzungumze juu ya kazi isiyopigiwa makofi: kazi ya kufupisha na kurahisisha programu za kompyuta zilizokwisha andikwa na ambazo zinafanya kazi. Wengi watauliza, kitu kinachokwenda kinaguswa kwa nini? Swali hilo ni la haki, na jibu lake ndilo mazungumzo yetu ya leo.

Kila kompyuta ina programu kuu inayozitawala nyingine zote, nayo huitwa mfumo endeshi. Katikati ya mfumo huo kuna kiini, yaani sehemu inayogawa kumbukumbu, kupanga zamu za programu na kulinda milango. Lakini kiini hakiwezi kujua lugha ya kila printa, kila kamera na kila diski iliyotengenezwa duniani. Kazi hiyo hupewa programu ndogo ndogo ziitwazo draiva. Draiva ni mkalimani kati ya kiini na chombo.

Nitachukua mfano wa Linux, kiini kilichoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi mjini Helsinki, nchini Ufini. Usidhani haya ni mambo ya mbali. Simu za Android hutumia kiini hicho, kwa hiyo huenda unacho mfukoni hivi sasa.

Hatari iko wapi? Iko hapa: draiva nyingi hukaa ndani ya kiini chenyewe. Mkalimani huyu hakai barazani, analala chumbani mwa mwenye nyumba. Akikosea, haanguki peke yake. Huiangusha nyumba nzima. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitangaza matokeo ya kuisaka Linux kwa programu ya kutafuta makosa. Waliona kuwa kiwango cha makosa katika draiva kilifikia mara 3 hadi 7 ya kile cha sehemu nyingine za kiini.

Si ajabu. Mwandishi wa draiva aghalabu hukifahamu chombo kuliko anavyokifahamu kiini. Basi huchukua draiva ya jirani, akainakili, akabadili hapa na pale, na kosa la jirani likarithiwa. Tena, huwezi kuijaribu draiva barabara bila ya kuwa na chombo chenyewe mezani.

Hebu tuitazame draiva inapoanza kazi. Huomba kumbukumbu. Kisha huomba kengele ambayo chombo kitaigonga kikitaka kuhudumiwa. Kisha huomba chombo kiwashiwe umeme. Je, umeme ukikataa? Hapo hapana budi kuirudisha kengele, halafu kumbukumbu, kinyume cha mpango wa kuomba. Zamani kila draiva iliandika yenyewe mistari ya kurudisha. Mistari hiyo hutumika siku ya balaa tu, kwa hiyo ni nadra kujaribiwa, na humo ndimo makosa yalimojificha.

Mwaka 2007, katika toleo la 2.6.21, likaingizwa wazo la mtaalamu Tejun Heo, wazo ambalo mwenye duka yeyote angelielewa mara moja. Ni daftari. Draiva inapochukua kitu kwa ajili ya chombo, kiini huandika. Mambo yakishindikana, au chombo kikiondolewa, kiini hulisoma daftari kutoka chini kwenda juu na kurudisha kila kitu. Tangu hapo draiva nyingi zimefuta mistari yao ya kurudisha. Kazi iliyokuwa ikifanywa na kila mmoja kwa namna yake sasa hufanywa mahali pamoja, mbele ya macho ya wengi.

Hata hivyo, wepesi nao una mitego yake. Mtu akichomoa kamera huku programu fulani bado inaitumia, daftari laweza kuirudisha kumbukumbu papo hapo, na programu ile ikabaki inaegemea ukuta uliokwisha bomolewa. Daftari halimwondolei mwandishi wajibu wa kujiuliza ni nani bado anatumia nini.

Mfano wa pili ni wa mwaka 2011. Vyombo vinavyotumia prosesa za ARM, zilizomo katika simu nyingi, vilikuwa vimeongezeka mno, na ndani ya Linux karibu kila aina ya bodi ilikuwa na mistari yake ya kueleza nini kimefungwa wapi. Torvalds alilalamika waziwazi. Dawa iliyoshika kasi baada ya hapo ilikuwa kuyatenga maelezo na programu: bodi huja na orodha yake, ikisema chombo fulani kiko anwani fulani na hugonga kengele fulani. Draiva huisoma orodha, na draiva ile ile moja ikahudumia bodi nyingi.

Hapa sasa nafika kwenye jambo ambalo mimi naliona ndilo kubwa kuliko yote. Tunaposema kurahisisha, tunamrahisishia nani? Mwaka 2016 kampuni ya AMD ilitaka kuingiza katika Linux mistari ipatayo laki moja ya kuendesha maonyesho ya picha kwenye kioo. Ndani yake mlikuwa na tabaka la katikati, lililowekwa ili kampuni iweze kutumia programu ile ile katika mifumo endeshi tofauti. Kwa kampuni, huo ulikuwa wepesi. Lakini Dave Airlie, msimamizi wa sehemu hiyo ya kiini, aliikataa mwezi Desemba mwaka huo. Hoja yake ilikuwa na uzito: tabaka la namna hiyo hulibebesha jukumu kundi zima linalokitunza kiini, na kampuni ikibadili nia kesho, wao ndio watakaobaki nalo. AMD ikarudi kusafisha kazi yake, na draiva ikaingia katika toleo la 4.15, lililotoka Januari 2018. Mgeni alikaribishwa, ila baada ya kukubali kupika katika jiko la mwenyeji.

Tusidhani pia kwamba kufuta ni kuwatupa wenye vyombo vya zamani. Kwa miaka mingi Linux ilikuwa na njia mbili za kuendesha diski za aina ya IDE, ya zamani na mpya. Mwaka 2021, katika toleo la 5.14, ile ya zamani ikaondolewa. Lakini iliondolewa baada ya njia mpya kuweza kuziendesha diski zile zile kuukuu. Huo ndio ufutaji wa adabu: daraja la zamani huvunjwa watu wakiwa wamekwisha kuvukia jipya.

Nasema haya kwa sababu kompyuta nyingi tununuazo madukani kwetu zimekwisha tumika kwingine. Kampuni iliyoziunda huenda ilishazisahau zamani. Draiva yake ikiwa fupi na inasomeka, mtu mwingine, popote alipo, aweza kuirekebisha na mashine ikaendelea kumfaa mwanafunzi. Ikiwa ni msitu, hakuna atakayethubutu kuingia, na siku moja itaondolewa kwa kukosa mlezi.

Kwa hiyo, waajiri wanaopima kazi ya vijana wao kwa wingi wa mistari waliyoandika, nawaomba wabadili kipimo. Kijana aliyefuta mistari mia mbili na mashine ikabaki salama amefanya kazi, na pengine ni yeye aliyefanya kazi kuliko wenzake wote wiki hiyo.