Ukianguka na pikipiki kwenye njia ya Yangambi, nani analipa?

Maneno ya kamarade wetu mbele ya vijana wa Yangambi. Tunayaweka hapa jinsi yalivyosemwa. Tumetoa tu salamu ndefu na vicheko.

Makamarade, na ninyi wazazi mliokaa kule nyuma, jambo.

Nimetoka Kisangani asubuhi na pikipiki, kilomita karibu 100. Nimefika mzima, ni kiuno tu kinalalamika. Mbele ya kupanda nilimuuliza motari maswali matatu: pikipiki ni ya nani? Iko na asiransi? Namba ya plaki ni ngapi? La kwanza alinijibu vizuri. La pili alicheka. La tatu hakukuwa na lazima ya jibu, sababu plaki yenyewe haikuwako. Na mimi nikapanda. Msinihukumu, hata ninyi mngepanda.

Kule Kinshasa mtu anaita gari kwa simu, na jina la dereva, saa na njia vinabaki ndani ya simu. Application yetu sisi ni mkono na kinywa: "Motari, kuja!" Ukianguka, hakuna simu iliyokuandikia kitu. Ndiyo maana nimekuja kuongea.

Miezi kumi iliyopita mdogo wangu, mwanamke, alikuwa kwenye njia hii hii. Alikuja kununua mafuta ya mawese. Walikuwa wawili nyuma ya motari, na bidoni mbili pembeni. Kwenye mteremko mmoja motari alitaka kupita pikipiki ingine, wakaanguka wote. Mwenzake alichubuka. Yeye mguu ulivunjika mara mbili. Motari alikimbia, vijana wa kijiji wakamrudisha, na ninawashukuru kwa jambo moja: hawakumpiga. Motari aliyepigwa mpaka kufa hawezi kumlipa mtu yeyote, na waliompiga wanageuka wao washtakiwa.

Kisha ikafuata ile mambo tunaijua sote. Mwenye pikipiki alifika hospitali siku ya pili, na mzee mmoja wa kartiye, na karatasi iliyoandikwa tayari. Dola 80. Chini yake: "Tumesikilizana, hakuna mtu atakayemdai mwenziwe tena." Mjomba wetu akatia sahihi. Mdogo wangu wakati huo alikuwa kitandani, hata hakujua kama kuna karatasi. Zile dola 80 ziliisha mbele ya wiki kuisha. Mguu ulipoanza kupona, alibaki hospitali siku kumi na nne zingine juu ya fakture tu, mpaka familia ikauza kitu. Mjomba alituambia: "Mungu njo alipenda. Muache maneno."

Mimi nilisoma sheria. Sina kazi, na mimi si avoka, kwa hiyo siwezi kumsimamia mtu tribinali. Lakini kusoma ninajua, na wakati ninao mwingi sana. Nilianza kusoma.

Sheria yenyewe si mpya. Code civil yetu, kitabu cha tatu, iliandikwa tarehe 30 Julai 1888, wakati wa Léopold, na bado inafanya kazi. Kifungu cha 258 kinasema kwamba mtu akimletea mwenziwe hasara kwa kosa lake, ni lazima atengeneze hasara ile. Cha 259 kinaongeza: hata kama ni uzembe tu, hata kama ni kukosa uangalifu. Basi motari akisema "sikufanya kusudi," amesema kweli, lakini hajajibu deni.

Kifungu ninachopenda zaidi ni cha 260. Kinasema unajibu pia juu ya watu unaowatuma kazi, na juu ya vitu unavyovichunga. Sasa fikirini jinsi pikipiki zetu zinavyotembea. Kijana anaendesha, lakini pikipiki ni ya patron: mwalimu, mfanyabiashara, askari, wakati mwingine mkubwa ambaye hamuwezi kumtaja kwa sauti. Kila jioni ao kila wiki kijana anapeleka verseme. Ikifika ajali patron anasema, "Mimi sikuwa pale." Verseme ulikuwa unapokea kutoka wapi, patron? Mutu anayemtuma mwingine kazini na kula faida yake, anaitwa tribinali pamoja naye, kwa ajili ya malipo.

Hapa muangalie tofauti, sababu polisi wetu wanaichanganya, ao wanajifanya kuichanganya. Gereza ni jambo lingine. Katiba, kifungu cha 17, inasema kosa la jinai ni la mtu mwenyewe. Hakuna kumkamata mama wa motari ao kaka yake juu ya kosa lake. Na motari mwenyewe, polisi hawawezi kumfunga zaidi ya saa 48 bila kumpeleka mbele ya parke. Patron hafungwi juu ya kosa la motari. Analipa. Tukiwa harakati ya raia hatuwezi kudai haki ya aliyeumia huku tunashangilia mama wa motari akilala kashoo.

Asiransi. Tangu tarehe 5 Januari 1973 kuna ordonnance-loi 73-013: kila chombo cha mota kinachotembea njiani lazima kiwe na bima ya kulipa wale kinaowaumiza. Lazima, si kupenda. Zamani ilikuwa SONAS peke yake. Sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua mlango kwa kampuni zingine, na ARCA njo inazisimamia. Kwa hiyo usiseme tu "hana asiransi" juu umeona pikipiki chafu. Uliza karatasi, chukua jina la kampuni na namba. Ikiwa iko, andikia kampuni ile haraka, upeleke mwenyewe na uombe wakutilie tampo kwenye kopi yako. Ikiwa haiko, deni halikufa: linarudi kwa motari na patron. Na toleka, ile baiskeli yetu ya Kisangani? Haina mota, sheria ya 1973 haiigusi. Lakini kifungu cha 258 hakikuuliza kama kuna mota.

Sasa parke. Kuumiza mtu bila kusudi ni kosa, vifungu 52 mpaka 54 vya Code pénal. Kama mtu amekufa, ni miezi mitatu mpaka miaka miwili. Kama ameumia, ni siku nane mpaka mwaka mmoja. Inaonekana ndogo, na wengi wanaishia pale kusema haina maana. Maana yake ni hii: ukienda kwa njia ya jinai, kutafuta ushahidi ni kazi ya serikali, na wewe unaomba malipo yako mbele ya jaji yule yule, kama partie civile. Hulazimiki kufungua kesi mbili. Na kama parke inalala, mwenye kuumia anaweza kumwita mshtakiwa yeye mwenyewe mbele ya tribinali ya amani. Wanaiita citation directe.

Lakini kuna mutego, na huu ndio ulionitoa usingizi. Code pénal, kifungu cha 24, inaweka muda. Kosa ambalo adhabu yake haipiti mwaka mmoja, linazimika baada ya mwaka mmoja. Kuumiza mtu bila kusudi ni hapo hapo. Kwa kifo ni miaka mitatu. Wewe unangoja mguu upone, unangoja mzee wa kartiye arudi, unangoja patron auze mchele kama alivyoahidi, na mwaka unapita. Njia ya madai ya kiraia inabaki wazi muda mrefu zaidi, ni kweli, lakini pale ushahidi unautafuta wewe mwenyewe, na gharama unazitoa wewe mwenyewe.

Ushahidi ni kitu gani? Ninyi wa Yangambi siwezi kuwafundisha. Hapa Wabelgiji walijenga INEAC mwaka 1933, leo ni INERA, na kuna nyumba ile ya majani makavu, herbarium. Kila jani limebandikwa na karatasi yake: limetoka wapi, siku gani, nani alilichuma. Aliyelichuma amekufa zamani, jani linaongea bado. Mguu uliovunjika nao unahitaji karatasi yake. Piga picha pikipiki na mahali penyewe mbele watu hawajasogeza kitu. Andika majina na namba za simu za watu wawili walioona. Enda kwa polisi ya barabarani ao kwa O.P.J., uombe PV, na uchukue namba yake. Daktari akupe sertifika yenye tarehe, inayosema ni mfupa gani na siku ngapi hutafanya kazi. Kila karatasi ya malipo, hata ya sindano moja, weka ndani ya sasheti. Muuza mawese aandike alikuwa anapata ngapi kwa wiki. Sababu jaji wetu mara nyingi anapima malipo kwa busara yake, ex aequo et bono kama wanavyosema, na busara ikikuta meza tupu inatoa kidogo.

Watu wa Kisangani neno "réparation" tunalijua vizuri. Tarehe 9 Februari 2022 korti ya La Haye iliambia Uganda ilipe Congo dola milioni 325, na 225 kati yake ni juu ya watu waliokufa na kuumia. Mabomu ya Juni 2000 yamo ndani ya hesabu ile. Na tumeona wazee wetu wakitafuta karatasi za miaka ishirini iliyopita, wakipanga mstari kuonyesha kovu. Kovu pekee halikutosha. Sitaki mdogo wangu apange mstari ule juu ya pikipiki.

Kusikilizana nyumbani sikukatazi. Mara nyingi ni kuzuri kuliko miaka mitatu ya tribinali, na motari naye ni kijana kama sisi, wengine mnamo humu ndani, ninawaona. Lakini mapatano yaliyotiwa sahihi yana nguvu kama hukumu kati ya wale waliotia sahihi. Kwa hiyo usitie sahihi mbele ya daktari kusema mguu utakuwaje. Ukipokea pesa ya dawa, andika: "Nimepokea pesa hizi kwa matibabu ya kwanza, haki zangu zingine zinabaki." Ni mustari mmoja tu. Na mapatano ya madai hayafungi mkono wa parke. Faini ile ya polisi nayo msichanganye: ni ya hazina ya serikali, si ya mwenye kuumia. Kama motari alilipa polisi, wewe hujalipwa.

Wenye kazi yenye mkataba, jambo moja la haraka: ajali kwenye njia ya kwenda ao kutoka kazini inahesabiwa kama ajali ya kazi, enda kuuliza CNSS. Sisi wengine tusonge mbele.

Avoka ni bei. Lakini kila bâtonnier ana bureau de consultations gratuites, na kwetu barreau ni ya Tshopo. Ukiwa na attestation d'indigence unaweza kupata avoka bila kulipa na kupunguziwa gharama za korti. Haiko rahisi, nimeenda mara tatu: mara ya kwanza walikuwa mkutanoni, mara ya pili sina attestation, mara ya tatu walinisikiliza.

Na walichoniambia ndicho ninamalizia nacho. Ile karatasi ya dola 80 ilitiwa sahihi na mjomba. Mdogo wangu ana miaka 22, hakumtuma mtu, hakutia sahihi kitu. Mapatano yanawafunga walioyafanya. Mjomba amekasirika, anasema tunamuaibisha mbele ya patron, na Noeli hii hatakula kwetu. Mama analia juu ya hilo zaidi kuliko juu ya mguu. Ninamuelewa.

Zile dola 80 tutazihesabu ndani ya malipo, hatumuibii mtu. PV tunayo. Sertifika tunayo. Shahidi mmoja anakaa hapa Yangambi, nimekuja pia kumuona, amekubali kusema. Mwaka unatimia baada ya wiki saba na nusu. Jumatatu asubuhi tuko kwenye mlango wa tribinali, yeye na magongo yake, mimi na sasheti ya karatasi. Wanaotaka kutusindikiza, daftari iko pale kwenye meza, andikeni jina na namba.