Somo la Afya: Dereva na Kondakta

Fungueni madaftari yenu, mwandike maneno mawili: dereva, kondakta.

Mwaka 1953 daktari wa Uingereza, Jeremy Morris, alitangaza utafiti wake juu ya wafanyakazi wa mabasi ya London. Mabasi hayo yalikuwa ya ghorofa. Dereva alikaa kitini karibu kutwa. Kondakta alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi, vipandio 500 au zaidi kila siku. Walifanya kazi katika basi moja, lakini madereva ndio waliougua zaidi maradhi ya moyo. Tangu hapo uchunguzi mwingi umeonyesha vivyo hivyo: kutembeza mwili hulinda moyo.

Basi wewe fundi cherehani, nawe karani, nawe mwenye duka, msiseme, "Sina uwanja, wala viatu vya michezo." Kondakta naye hakuwa navyo. Tembeeni kwa haraka dakika 30, siku 5 kwa juma. Mgonjwa amwulize daktari kwanza, kisha aanze polepole.

Lakini kutembea peke yake hakutoshi. Ugali usijaze sahani nzima. Wekeni mchicha, maharagwe au dagaa. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai. Usiku laleni vya kutosha.

Sasa swali: Je, leo mimi nimekuwa dereva au kondakta? Kila mtu aandike jibu kwa mkono wake mwenyewe.

Kwaherini.