Jiwe Liitwalo Kenya



Huko juu liko jiwe kubwa liitwalo Kenya. Halionekani kwa macho matupu. Bwana Cyril Jackson aliliona kwa darubini huko Johannesburg mwezi wa Juni 1933. Ni la 1278 katika orodha ya sayari ndogo zinazolizunguka jua, na la 1279 laitwa Uganda.

Mawe hayo hayapewi majina upesi. Kwanza wataalamu hulichunguza jiwe mpaka njia yake ijulikane barabara. Ndipo hupewa namba. Kisha mgunduzi hupendekeza jina, na chama cha kimataifa cha wataalamu wa nyota hulikubali au hulikataa. Jina haliuzwi. Mtu mashuhuri wa siasa au wa vita hungoja mpaka apite miaka 100 tangu kufa kwake.

Je, nani atawapa jiwe wale waliokata miwa hapa Ramisi, mpaka kiwanda cha sukari kilipofungwa mwaka 1988? Zaburi ya 147 yatuambia kwamba Mungu huzipa nyota zote majina. Lakini someni mstari ulio kabla yake: Mungu huyo huyo huwaganga waliovunjika moyo. Kwake hakuna aliye namba tu.

Basi ndugu yangu, leo ukikutana na mzee aliyevuja jasho katika mashamba yale, mwamkie kwa jina lake, umsikilize.

Mungu awabariki. Amina.